Nasaba ya Kibarua wa Shamba

Nasaba za wafalme hupata waandishi wengi. Nasaba ya kibarua wa shamba hutegemea daftari la kanisa. Katika Uingereza, Thomas Cromwell aliamuru mwaka 1538 kwamba kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Kwa amri hiyo, mtu asiyeacha ardhi wala jiwe juu ya kaburi lake aliweza kuacha jina.

Lakini jina huhitaji kusomwa kwa uangalifu. Mshairi John Clare alizaliwa Helpston, katika Northamptonshire, mwaka 1793. Babaye, Parker Clare, alikuwa kibarua na mpura nafaka. Afuataye jina la ukoo peke yake hudhani kuwa Clare lilitoka kwa baba likaenda kwa mwana, kizazi baada ya kizazi. Sivyo. Parker alizaliwa mwaka 1765 na Alice Clare, binti wa karani wa parokia. Mwenye mimba alikuwa John Donald Parker, Mskoti, mwalimu wa kuhamahama na mpiga fidla, ambaye alipopata habari aliondoka kijijini. Wazazi hawakuoana; mtoto akachukua ukoo wa mama, akaitwa Parker.

Basi jina lake la pili lilisema yaliyokubaliwa na desturi, na la kwanza likasema yaliyotendeka. Mjukuu hakuona haya: aliieleza habari hiyo katika maandishi ya maisha yake. Daftari huhifadhi jina. Ukweli wa jina huhifadhiwa na jamaa wasioogopa kuusema.