Robert Butler, daktari aliyekataa jibu la "ni uzee tu"

Babu akisahau alikoweka funguo, tunasema uzee huo. Bibi akiacha kula, tunasema uzee. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka usiku, bado ni uzee. Wakati mwingine hata akifika hospitali anajibiwa hivyo hivyo, anapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani.

Mmarekani Robert Neil Butler alitumia zaidi ya nusu karne kuonyesha kwamba jibu hilo mara nyingi linaficha ugonjwa. Huenda jina lake hulijui, lakini ukisikia watu wakizungumzia "ubaguzi wa umri", ujue mzizi wake ni yeye.

Kwa kifupi

- Alizaliwa New York mwaka 1927, akafariki mwaka 2010 akiwa na miaka 83.
- Alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili na mtafiti wa afya ya wazee.
- Ndiye aliyebuni neno la Kiingereza "ageism", yaani ubaguzi wa umri.
- Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani.
- Kitabu chake kuhusu maisha ya wazee kilishinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 1976.

Alilelewa na bibi

Wazazi wake walitengana akiwa bado mchanga, akachukuliwa na babu na bibi yake waliokuwa wakiishi Vineland, jimbo la New Jersey. Babu alifariki Butler akiwa bado mtoto. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, na bibi ndiye aliyehangaika hadi mjukuu akakua.

Kwa hiyo alipoingia kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa na picha yake ya mzee: mtu mwenye nguvu, anayepambana. Darasani akakutana na picha nyingine kabisa. Wagonjwa wazee walitajwa kwa dharau, kama watu wasiostahili kupotezewa muda. Alihitimu mwaka 1953 na swali kichwani: hivi tunajua nini hasa kuhusu uzee?

Wanaume 47

Kabla ya hapo, tafiti nyingi za uzee zilifanywa kwa wazee waliokuwa tayari kwenye makao au hospitalini. Ni kama kupima afya ya vijana kwa kwenda wodini tu: lazima utasema vijana wote ni wagonjwa.

Butler na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walifanya tofauti. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 walichunguza wanaume 47 wenye miaka 65 na kuendelea, wenye afya nzuri na wanaoishi majumbani mwao. Waliwapima damu, moyo, ubongo, kumbukumbu na hali ya maisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1963. Mtiririko wa damu kwenye ubongo wa wazee wenye afya njema haukuwa mbali na wa vijana. Pale uliposhuka, mara nyingi kulikuwa na ugonjwa wa mishipa ya damu. Kwa maneno mengine, mambo mengi yaliyokuwa yakiitwa uzee yalikuwa magonjwa, umaskini, upweke au msongo.

Mzee anayesimulia ya zamani

Mwaka huohuo wa 1963 Butler alichapisha makala nyingine iliyobadilisha kazi ya wauguzi na wanasaikolojia. Enzi hizo, mzee akipenda kusimulia ya zamani, madaktari wengi waliona ni dalili kwamba akili inachoka. Wauguzi walihimizwa kumbadilishia mada.

Butler akasema hapana. Mtu anapojua safari yake inafika mwisho, huyapitia maisha yake upya: alichofanya, alichokosa, aliyegombana naye. Akipata wa kumsikiliza, kazi hiyo inaweza kumpa amani. Akinyamazishwa, anabaki na mzigo wake. Leo kuwasikiliza wazee kwa mpangilio ni sehemu ya tiba katika nchi nyingi.

Neno lililotoka kwenye ugomvi wa nyumba

Mwaka 1969, wakazi wa Chevy Chase, mtaa wa watu wenye uwezo mpakani mwa Washington na jimbo la Maryland, walipinga mpango wa kuligeuza jengo moja la mtaani kwao kuwa makazi ya wazee wenye kipato kidogo.

Butler alikuwa kwenye kamati ya jiji iliyoshughulikia masuala ya wazee. Mwandishi kijana wa Washington Post, Carl Bernstein, alipomuuliza kama wapinzani wanasukumwa na ubaguzi wa rangi, Butler alijibu kwamba anaona zaidi ubaguzi wa umri. Ndipo neno "ageism" lilipoanza kusambaa. Bernstein naye alikuja kuwa maarufu baadaye kwa kuripoti kashfa ya Watergate.

Neno likibuniwa, jambo linaanza kuhesabika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti nzima kuhusu ubaguzi huu. Ilisema mtu mmoja kati ya kila wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee.

Kutoka kitabuni hadi serikalini

Mwaka 1975 Butler alitoa kitabu, Why Survive? Being Old in America. Kilieleza bila kupaka rangi jinsi wazee wa nchi tajiri walivyokuwa wakiishi: umaskini, makao mabovu, dawa nyingi kupita kiasi na madaktari wasiowasikiliza. Mwaka uliofuata kikapata Pulitzer.

Mwaka huohuo wa 1976 akaanza kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Uzee, iliyokuwa imeundwa kwa sheria mwaka 1974. Hapo ndipo alipofanya uamuzi wake mkubwa zaidi: kuupa kipaumbele ugonjwa wa Alzheimer.

Hadi wakati huo Alzheimer ilidhaniwa kuwa ugonjwa adimu wa watu wasiofika miaka 65. Mtu wa miaka 80 mwenye dalili zilezile aliambiwa tu amezeeka. Butler alijua pia jinsi siasa inavyofanya kazi: ni vigumu kupata fedha za kupambana na "uzee", lakini ugonjwa wenye jina unapata bajeti. Taasisi yake ilisaidia pia kuzikutanisha familia za wagonjwa, na mwaka 1980 zikaunda chama cha kitaifa cha Alzheimer.

Mwaka 1982 alihamia hospitali ya Mount Sinai, New York, akaanzisha idara ya kwanza kamili ya tiba ya wazee katika chuo cha udaktari nchini Marekani. Mwaka 1990 akaanzisha kituo cha kimataifa cha kuchunguza maisha marefu. Aliendelea kufanya kazi hadi siku chache kabla ya kufariki kwa saratani ya damu, Julai 4, 2010.

Waliomkosoa

Si wote walikubaliana naye. Baadhi ya watafiti walilalamika kwamba Alzheimer ilikuja kumeza sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa uzee, huku mambo kama udhaifu wa misuli na mabadiliko ya kawaida ya mwili yakipata kidogo. Ukweli pia ni kwamba uzee una mabadiliko yake: macho, masikio na kasi ya kufanya mambo hupungua hata kwa asiye mgonjwa. Alichokataa Butler ni kuruka kipimo na kwenda moja kwa moja kwenye jibu.

Huku kwetu

Swali lake limeulizwa pia Kilimanjaro. Kwa miaka mingi wilaya ya Hai imekuwa uwanja wa tafiti za afya ya wazee zinazofanywa na wataalamu wa Tanzania na Uingereza. Utafiti mmoja uliopima watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta takriban 6 kati ya kila 100 wana dimenshia, hali ya ubongo kupoteza uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kujihudumia. Kwa hiyo si "ugonjwa wa Wazungu".

Kulikuwa na tatizo moja. Vipimo vingi vya kumbukumbu kutoka nje vinamtaka mtu asome, aandike au achore. Bibi ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule anafeli hata kama akili yake iko sawa kabisa. Watafiti wakatengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kalamu, na moja ya kazi zake ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kipimo kinapomfaa anayepimwa, ndipo unaweza kutofautisha ugonjwa na kukosa shule.

Mzee wako akibadilika, fanya hivi

- Angalia kasi. Kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya saa au siku chache ni dharura. Kunaweza kutokana na UTI, malaria, nimonia, upungufu wa maji mwilini au sukari iliyoshuka. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.
- Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, huenda ni kiharusi. Usisubiri kuche.
- Beba dawa zote anazotumia, hata za dukani na za kienyeji. Baadhi ya dawa, au mchanganyiko wake, huvuruga akili ya mzee.
- Kama anasahau taratibu kwa miezi, omba apimwe. Sonona, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri na ukosefu wa vitamini B12 vinaweza kufanana na dimenshia, na vinatibika. Masikio nayo yachunguzwe, maana asiyesikia vizuri huonekana kama hakumbuki.
- Ukiambiwa "ni uzee tu", uliza kwa heshima: "Daktari, amepimwa nini, na kipi kimeshaondolewa kwenye orodha?"

Dimenshia yenyewe bado haina dawa ya kuiponya. Ila familia inayojua jina la tatizo hupanga nani akae na mzee, huficha viberiti na funguo za gari, na huacha kumgombeza kwa kurudia swali lilelile mara kumi. Inayoambiwa ni uzee hukaa na kusubiri.