Mwalimu Aliyerudi kwa Njia ya Watumwa

Ukitoka Lindi kwa basi, ukaiacha Mnazi Mmoja na kuipita Ndanda, majabali ya Masasi huanza kuchomoza moja moja. Mengine ni upara mtupu, mengine yameota vichaka ubavuni, na mgeni hujiuliza yametoka wapi katika nchi iliyonyooka hivyo. Watu wa karne ya 19 waliyafahamu vizuri kuliko sisi tunaosinzia kwenye viti. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ikienda pwani iliyaona kwa mbali siku nzima kabla ya kuyafikia. Aliyefungwa kongwa shingoni naye aliyaona. Kwake yeye yalimaanisha kwamba bahari imekaribia na kwao kumebaki mbali.

Mwaka 1876, mvua zikikaribia, ulifika hapo msafara uliokwenda kinyume na mazoea. Ulitoka baharini kwenda bara, na ndani yake mlikuwa na watumwa waliokombolewa, wapatao 55, wanarudi. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, ndiye aliyewatoa Unguja. Nia yake ilikuwa kusonga mbele hadi nchi ya Wayao karibu na Ziwa Nyasa, ambako mwaka mmoja kabla alikuwa amekwenda akiongozwa na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani, yule yule aliyeshirikiana na Susi kuufikisha mwili wa msafiri Livingstone pwani. Lakini walipofika Masasi watu wakaikagua ardhi, wakaipenda. Wengine walitambua kwamba hawako mbali na walikochukuliwa. Wakasema basi, tumefika. Steere alikuwa mtu wa akili, akakubali. Vikagawiwa viwanja, ikajengwa shule, na kijiji kikaanza chini ya majabali.

Masasi ya leo, yenye stendi na msimu wa korosho wenye kelele zake, ina mizizi mingi. Mmoja ni huo. Ni mji ambao sehemu ya waanzilishi wake walikuwa watu waliouzwa.

Mtu ninayeandika habari zake hakuwemo katika msafara ule. Wakati huo alikuwa bado Unguja, mwanafunzi. Jina lake Cecil Majaliwa, na huko aliko, kama tunavyosema kwa waliotangulia, sidhani kama angependa tuanze na jina la Cecil. Hilo alipewa. Majaliwa nalo ni jina lenye historia. Watumwa wa Unguja waliitwa Feruzi, Mabruki, Farjala, Songoro, majina waliyobandikwa na wenye mali, na mengine yalitunzwa hata baada ya ubatizo kwa sababu yalishakuwa ya mtu. Majaliwa ni neno la mtu aliyekubali kwamba yaliyomfika yamepangwa na Mungu. Kwa mtoto wa Kiyao aliyetenganishwa na wazazi, akauzwa, akavushwa bahari, kisha akakombolewa na kupelekwa shule, ni jina linalohitaji imani kubwa, au uchovu mkubwa.

Alisomea Kiungani, chuo cha misheni nje kidogo ya mji wa Unguja. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa na Sultani Barghash mwaka 1873, na kanisa kuu lilikuwa likijengwa Mkunazini juu ya kiwanja cha soko lenyewe. Kiungani palikuwa na wavulana kutoka makabila ambayo kwa kawaida yasingekutana: Myao, Mmakua, Mnyasa, na wengineo. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, lugha waliyojifunza wakiwa mateka. Mwaka 1887 mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, alitoa kitabu kilichoitwa kwa jina la chuo hicho. Ndani yake wavulana wanaeleza walivyokamatwa, walivyotembezwa, walivyouzwa. Waliandika kwa Kiswahili, yeye akatafsiri kwa Kiingereza. Wasomaji wa Uingereza wakasoma simulizi za watoto wa kusini kabla hata sisi wenyewe hatujaanza kuzitafuta.

Marekani walikuwa na desturi hiyo kwa muda mrefu. Frederick Douglass alikuwa ameandika habari za utumwa wake tangu 1845, na baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika 1865, shule za waliokombolewa zikajaa hata wazee. Katika shule hizo ndipo walipotoka walimu-washairi ambao majina yao hayavuki mpaka wa jimbo lao. Mmoja namtaja kwa sababu anafanana na Majaliwa kwa namna inayonishangaza. Joseph Seamon Cotter alizaliwa Kentucky mwaka 1861, jimbo lililokuwa bado na utumwa, kwa mama aliyezaliwa huru. Aliacha shule akiwa na miaka minane, akafanya kazi za sulubu, na alipofika miaka 22 ndipo akaingia shule ya usiku. Muda si mrefu akawa mwalimu mwenyewe. Alifundisha mjini Louisville karibu maisha yake yote, akitoa vitabu vya mashairi hapa na pale. Cha kwanza kilitoka 1895. Mwaka mmoja kabla, Paul Laurence Dunbar, mshairi aliyekuja kuwa maarufu kuliko yeye, alikuwa mgeni wake. Mpaka anakufa 1949 Cotter alibaki mtu wa Louisville, mwalimu mkuu anayeandika. Miaka ambayo yeye anashindana na darasa la usiku, Majaliwa alikuwa ameshapelekwa Canterbury, Uingereza, akisoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino. Hawakujuana. Bahari moja kila upande, na biashara ya aina moja nyuma yao.

Tofauti ni kwamba Majaliwa hakuacha diwani. Alichoacha ni kijiji.

Lakini kwanza lazima tuseme kilichoipata Masasi. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walikivamia kijiji cha misheni, wakachoma, wakaua na kuchukua mateka. Fikiria mtu aliyekombolewa Unguja, akarudi bara, akalima misimu mitano sita, kisha akafungwa kamba tena. Chauncy Maples, kijana wa Kiingereza aliyekuwa mkuu wa kituo, aliwachukua waliosalia akapanda nao Newala, kwa Che Matola, mkuu wa huko.

Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu, pale Newala ukingoni, ataelewa kwa nini. Ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako, na mbele ni bonde la Ruvuma na Msumbiji kwa mbali. Adui anayepanda kutoka huko unamwona mapema. Kasoro ya Newala ilikuwa moja na kila mama wa uwanda wa Makonde aliijua: maji. Juu hayapo. Unateremka genge, unachota, unapanda na mtungi kichwani, na safari nzima inaweza kumaliza asubuhi. Mabomba yalikuja miaka ya 1950. Miaka ya 1880 usalama ulilipiwa kwa shingo za wanawake.

Huku ndiko Majaliwa alikopangiwa mwaka 1886, akiwa amekwishapewa ushemasi. Askofu Charles Smythies, aliyemrithi Steere, alimpeleka Chitangali, si mbali na Newala, kwa Nakaam, mkuu wa Wayao wa hapo. Hapakuwa na Mzungu wa kumsimamia karibu. Nasisitiza hilo kwa kuwa picha tuliyozoea ya misheni ni ya Mzungu mwenye ndevu kibarazani na mwalimu Mwafrika pembeni akishika chaki. Chitangali palikuwa na mwalimu huyo tu. Yeye ndiye aliyepanga kazi, ndiye aliyezungumza na mkuu, ndiye aliyehukumu ugomvi wa waumini wake. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile yote. Kanisa lake likawa miongoni mwa yaliyokua kwa kasi kusini, na Barnaba Nakaam, mkuu aliyebatizwa, akawa nguzo yake.

Darasani alikuwa akifanya nini? Kitu ambacho sisi sote tumekipitia bila kukifikiria: a, e, i, o, u; ba, be, bi, bo, bu. Kibao cha jiwe hugusa goti, mwalimu hutamka, watoto huitikia kwa pamoja hadi sauti inakuwa wimbo na maana inasahaulika, kisha siku moja mtoto anaona kwamba ba na ba zikikaa pamoja ni mtu anayemjua. Lakini hebu tazama lugha. Mwalimu ni Myao, mkuu wa mji ni Myao, nje kuna Wamakonde na Wamakua, na kitabu kilichoko mkononi ni cha Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kirumi, kama Steere alivyoziweka. Kiswahili hicho hicho cha Kiunguja ndicho kilichokuja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Watoto wa Chitangali walikuwa wameshakisoma miaka 40.

Huwa tunasema Kiswahili kilienda bara na wafanyabiashara. Ni kweli. Kwa kusini ningeongeza kwamba kilipanda pia kwa watu waliokuwa bidhaa za wafanyabiashara hao. Walikijifunza kwa kuamrishwa, wakarudi nacho kwao, wakakigeuza cha kufundishia. Sijui kama yupo aliyewashukuru.

Wala hawakuwa peke yao kukiandika juu ya uwanda ule. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na ngome Luagala, alipotakiwa na Wajerumani ajisalimishe, alimjibu kamanda wao Wissmann mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili, kwa adabu iliyonyooka: akitaka urafiki yuko tayari, utii hana. Barua hiyo ipo mpaka leo, na kwa maoni yangu ni nathari bora kuliko nyingi zilizochapwa zama zile. Machemba alipambana hadi 1899 alipovuka kuingia Msumbiji. Kwa hiyo mwaka ule ule mmoja uwanda wa Makonde ulikuwa na mtu anayekataa dola kwa Kiswahili, na mwingine, mwendo usio mrefu kutoka hapo, anayewafundisha watoto kusoma kwa Kiswahili hicho hicho.

Walimu wa misheni nao walikuwa na pa kuandikia. Mwaka 1888 Kiungani walianza kuchapa jarida la Kiswahili, Msimulizi, lililobeba habari za vituo zilizoandikwa na Waafrika wenyewe. Tukitafuta mwanzo wa uandishi wa habari wa Kiswahili, tukiruka moja kwa moja hadi magazeti ya serikali ya Kijerumani tunawadhulumu hawa. Mtu wa Masasi alimsoma mtu wa Magila, kituo cha kaskazini, mtu wa Unguja akajua nani kafa Newala. Kwa watu waliopoteza ndugu bila kujua walikoishia, kujua nani yuko wapi haikuwa habari ndogo.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Vijana wa Kiungani wengi waliwaoa mabinti wa Mbweni, shule ya wasichana ya misheni, nao ni waliokombolewa au watoto wao. Hao ndio waliokwenda kukaa nao bara, wakafundisha kushona na kusoma, wakachota maji genge kwa genge kama wenzao. Mke wa padre wa Chitangali alikuwa kazini tangu siku ya kwanza. 

Mwaka 1897, baada ya miaka 11, Majaliwa aliondoka Chitangali akarudi Unguja na familia yake. 

Waliobaki waliendelea. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipofika Masasi, majengo ya misheni yaliteketezwa kwa mara ya pili, Wazungu wakakimbilia Lindi. Yakajengwa tena. Kolumba Msigala, padre wa kizazi kilichofuata, aliandika kumbukumbu zake, na mengi tunayoyajua ya maisha ya ndani ya misheni hizi yanatoka kwake. Ng'ambo ya Ruvuma, Unangu, Yohanna Abdallah, naye zao la Kiungani, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao chenyewe. Ilichapishwa Zomba mwaka 1919 na bado inasomwa na wanahistoria. Ukimhesabu Majaliwa kwa vitabu utapata sifuri. Ukihesabu watu wa shule zile walioshika kalamu baada yake, hesabu inabadilika.

Dayosisi ya Masasi iliundwa 1926 na askofu wake wa kwanza akawa Vincent Lucas, Mwingereza, mtu wa fikra pana aliyejaribu kulikubali jando ndani ya kanisa. Wakafuata Waingereza wengine, wa mwisho akiwa Trevor Huddleston, ambaye Afrika Kusini walimjua kwa kupinga ubaguzi kabla hajaletwa kwetu mwaka 1960. Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kukaa katika kiti kile, alikabidhiwa mwaka 1968. Tangu Majaliwa, aliyekuwa ameachiwa kanisa la Chitangali aliongoze peke yake, apewe upadre, ilikuwa imepita miaka 78.