Chukudu: barabara ya Kibumba kushuka Goma

Kwenye barabara ya taifa nambari 2, upande wa Kibumba, asubui sana mutu anasikia chukudu mbele ya kuiona. Magurudumu ya mbao yakipita juu ya mawe ya volkano yanatoa sauti nzito, kama ngoma yenye inakuja inakaribia. Kisha ndani ya ukungu anatokea kijana amesimama nyuma ya magunia marefu kumupita yeye, muguu mumoja juu ya ubao na mwingine unagusagusa gurudumu la nyuma. Yeye anashuka Goma. Jioni atapanda tena barabara ile ile kwa miguu.

Chukudu (wengine wanaandika tshukudu) ni chombo cha magurudumu mawili cha Kivu ya Kaskazini. Haiko na pedali, haiko na cheni, haiko na kiti wala mota. Iko na ubao murefu wa kubebea muzigo, usukani wa mbao wenye unafanana na pembe za ngombe, na magurudumu mawili ya muti yenye yamevalishwa mupira wa pine za zamani. Ndogo ndogo zinachezewa na watoto. Kubwa zinapita mita mbili kwa urefu, na zinaweza kubeba kilo 400 ao zaidi. Inasemekana ilianza kuonekana miaka ya 1970, wakati uchumi wa inchi, ile iliitwa Zaire, ulikuwa unaanguka na kamyo pamoja na petroli vilikuwa vinapungua vijijini.

Wageni wakifika Goma wanaipiga picha na kusifu mafundi. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini ubao tu haungetosha kuifanya chukudu ikae miaka hii yote. Kilichoikalisha ni barabara yenyewe: Goma inakula vyakula vyenye vinatoka juu yake, na kutoka kule mpaka soko njia karibu yote inashuka.

Sura ya barabara

Kibumba iko ndani ya teritware ya Nyiragongo, kati ya kilomita 20 na 30 kaskazini mwa Goma, kufuatana na fasi yenye mutu anaanzia kuhesabu. Magaribi kuna mulima Nyiragongo, wenye mita 3470 na moto ndani yake. Mashariki kuna Mikeno, mulima wa mita 4437 wenye ulizima zamani. Barabara inapita kwenye bega kati ya milima hiyo miwili, zaidi ya mita 1700 juu ya bahari. Goma iko kama mita 1500, na maji ya Ziwa Kivu karibu mita 1460.

Kule juu ni baridi, na udongo ni mweusi wenye rutuba. Ndiyo maana viazi, mashu, karoti na poaro vinakubali sana. Kitu chenye kinakosekana ni maji: mvua inanyesha vizuri, lakini mawe ya lava chini ya udongo yanaimeza yote, hakuna muto wala kijito. Mama wa Kibumba mwenye kulima mashu makubwa kama kichwa cha mutu anaweza kutembea saa mingi akitafuta bidon moja ya maji ya kupika.

Bega hili linagawa hata maji ya Afrika. Upande wa kaskazini maji yanaelekea muto Rutshuru, Ziwa Edward, na mwishoni Nile. Upande wa Goma yanaenda Ziwa Kivu, Ruzizi, Tanganyika, mpaka muto Kongo. Na biashara ya chukudu inagawika vilevile. Kutoka Rutshuru, kama kilomita 70 na Goma, mutu anapaswa kwanza kupanda: Rumangabo, Rugari, mpaka Kibumba. Kusukuma kilo 300 za maharagi kwenye mupando huo ni kujiua. Basi muzigo wa Rutshuru zaidi unapanda kamyo, na chukudu inachukua nafasi yake pale barabara inapoanza kuinama.

Kutoka Kibumba njia inashuka Kibati, inafika Kanyaruchinya, kisha Munigi, na kuingia muji kwa upande wa Majengo. Haishuki sawasawa. Kuna fasi inalala, na pale kijana anaweka goti moja juu ya ubao, kwenye kipande cha mupira kilichopigiliwa kwa ajili hiyo, na kusukuma na muguu wa pili. Kuna vilima vidogo vya kupanda pia, na hapo anaita musaada: watoto wanasukuma nyuma kwa franka kidogo. Lakini kwa jumla uzito wa muzigo unajivuta wenyewe. Petroli yenye inafanya kazi ni ule mulima.

Upande wa Sake ni habari nyingine. Goma na Sake ni kama kilomita 25, zote karibu na usawa wa ziwa, kupitia Mugunga, juu ya lava za zamani. Vyakula, maziwa na fromaji za Masisi vinashuka kutoka vilima vya Mushaki mpaka Sake, lakini kisha ya Sake muteremko umeisha. Mwenye chukudu atasukuma kwa nguvu ya mapaja yake njia nzima. Muzigo ule ule, urefu karibu ule ule, lakini mwili unachoka mara mbili.

Kufunga muzigo, kufunga breki

Mutu asiyejua anafikiri kazi ni kuendesha. Wenye kuijua wanasema kazi ni kufunga. Vizito vinakaa chini na katikati: viazi kwanza, mashu juu, magunia ya makala yakisimama ao kulala kufuatana na urefu wa ubao. Kamba nzuri kuliko zote ni ile inayokatwa kwenye mupira wa ndani wa pine, juu inavutika na hailegei njiani. Kama muzigo umeegemea upande mumoja hata kidogo, usukani utavuta upande huo kilomita zote, na kwenye kona utashinda mikono.

Breki ni kitu chenye kinashangaza zaidi. Ni kipande cha pine kilichopigiliwa nyuma, karibu na gurudumu. Mwendeshaji anakikanyaga na kinasugua gurudumu. Wengine wanatumia kandambili yao tu. Kwa kilo 100 inatosha. Kwa kilo 400, kwenye muteremko, mvua imenyesha, haitoshi, na kila mutu wa kazi hiyo anajua. Kwa hiyo mwenye akili hangoji mwendo uwe mukali ndipo akanyage. Anakanyaga kidogo kidogo tangu juu, hata pale barabara inaonekana rahisi. Akiona mambo yameharibika, anaelekeza chukudu ukingoni, kwenye majani ao udongo laini, na kuruka. Afazali kuokota viazi kuliko kukutana na Fuso.

Wenye kuendesha kamyo na moto nao wako na sehemu yao. Chukudu yenye imeshika mwendo haiwezi kusimama juu ya mutu mwingine kutaka kupita. Haina taa, haina honi, ni sauti ya mwenyewe tu. Saa ya asubui, wakati ukungu bado umelala Kibati, ndiyo saa mbaya kwa wote.

Chini ya mikono ya fundi

Fundi anatumia panga, musumeno, patasi na misumari. Mbao ni za mikaratusi na za muti mugumu wenye unaitwa mumba. Magurudumu yanachongwa mviringo, yanapigiliwa mupira wa pine, na katikati mwenye feza anaweka rulema za gari zilizokwisha kutumika. Asiye na feza anapaka grisi na kusikiliza chukudu ikilia njiani. Chukudu kubwa zingine zinafungiwa resori mbele kupunguza mishituko. Kazi yote inachukua siku moja mpaka tatu. Ikitunzwa, chukudu inaishi miaka miwili ao mitatu juu ya mawe haya, na kila kipande kinaweza kubadilishwa njiani na mutu mwenye musumari na jiwe.

Kubwa inaweza kupita dola 100. Kwa kijana wa kijijini asiye na shamba hiyo ni feza nyingi, na wengi wanaanza na chukudu ya mwingine: wanalipa kwa siku, ao wanagawana na mwenyewe. Siku yenye gurudumu linapasuka, ao mama mwenye mashu anakawia kulipa, deni linabaki kwa mwendeshaji. Kisha kuna barieri. Kila moja iko na bei yake, mara nyingi bila karatasi, na faida ya safari inaweza kuisha mbele ya kufika soko la Virunga.

Swali la makala nalo haliwezi kufichwa. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka miti ya Hifazi ya Virunga, yenye iliundwa 1925, na kukata kule kunakatazwa na sheria. Mwenye chukudu hakati muti, lakini ndiye anayeonekana barabarani na gunia. Ndiye anayesimamishwa.

Siku barabara inakatika

Chakula cha muji kinategemea njia chache sana, na hiyo imeonekana mara nyingi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka na lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani, ikifunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilipasuka tena; lava ilisimama kwenye mulango wa muji, upande wa Buhene, lakini ilikata barabara ya Rutshuru. Siku zilizofuata watu walivuka kwa miguu juu ya lava yenye ilikuwa bado moto, na wengine walikufa juu ya gesi. Lava mupya si fasi ya kupita na chukudu: inakata mupira kama kisu.

Mwisho wa 2022 ilikuwa vita. Rutshuru-centre na Kiwanja viliingia mikononi mwa M23, mapigano yakashuka mpaka Kibumba, na maelfu ya watu wakakimbilia Kanyaruchinya, pembeni ya barabara hii hii. Mwanzoni mwa 2024 ikawa zamu ya barabara ya Sake. Kila mara matokeo yalifanana: mashu na viazi vinaoza juu, bei inapanda chini, na vijana wa chukudu wanakaa na ubao mutupu. Wengi wao walikimbia na chukudu yenyewe, imebeba magodoro, sufuria na mabibi wazee wasioweza kutembea. Kwenye njia ya ukimbizi chombo cha mashu kilikuwa gari ya jamaa.

Siku hizi moto za magurudumu matatu zimeongezeka ndani ya muji, na zinachukua kazi ya chukudu kwenye fasi tambarare, kutoka bandari mpaka soko, kutoka depo mpaka duka. Huko zitashinda. Kwenye muteremko wa Kibumba hesabu ni nyingine, juu mota inakunywa petroli hata ikishuka, na chukudu haikunywi kitu.

Kurudi

Goma imeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya zahabu, kwenye Rond-point Chukudu, yenye ilizinduliwa 2009. Sanamu inaonyesha mutu akisukuma chukudu. Hiyo nusu ya kazi watu wa muji hawaioni mara nyingi, sababu wao wanapokea mashu na kwenda nyumbani.

Mwezi wa tisa 2025, ngambo ya mupaka, wakimbiaji bora wa baiskeli wa dunia walipanda vilima vya Kigali, mara ya kwanza mashindano ya dunia ya barabara kufika Afrika. Baiskeli zao zilikuwa na uzito wa kilo chache tu. Chukudu kubwa tupu ni mbao nzito, na haina gia. Wenye nayo wanaisukuma kutoka Munigi wawili wawili ao watatu, juu mutu peke yake anachoka vibaya, wakiwa na chumvi, sabuni na bidon za maji kwa watu wa Kibumba. Wengine wanashika nyuma ya kamyo yenye inapanda polepole. Inaokoa saa moja, na imevunja miguu ya wengi. Wenye hekima wanaondoka Goma mbele ya saa nane, kwa sababu mvua ya muchana ikishuka Kibati mawe yanateleza, na giza likiwakuta njiani watalala pembeni ya barabara, chukudu imelazwa, mwenyewe juu yake.