Sauti na Mkono katika Katuni za Televisheni

Uhaba huua sanaa nyingi, lakini pengine huigeuza njia tu. Jambo hili ladhihirika katika historia ya katuni za Marekani, hasa katika kazi ya mabwana wawili, William Hanna na Joseph Barbera.

Tangu mwaka 1940 hata 1957 mabwana hawa walimtengenezea MGM, kampuni kubwa ya sinema, filamu za paka Tom na panya Jerry, ambazo zilijipatia tuzo saba za Oscar. Paka na panya hao walisema kwa nadra sana. Mambo yao yalielezwa kwa mwendo na muziki. Filamu moja ilidumu dakika saba hivi, na kwa kuwa sinema hupitisha picha 24 katika kila sekunde, dakika saba zilidai picha zaidi ya 10,000. Ijapokuwa mchoro mmoja waweza kupigwa picha mara mbili, kazi ilikuwa kubwa na gharama yake nzito. Katika mwaka 1957 MGM iliifunga idara yake ya katuni, kwani filamu za zamani zilipoonyeshwa tena zilileta faida bila ya gharama mpya.

Hanna na Barbera wakageukia televisheni. Fedha ya huko ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile waliyoizoea, na vipindi vilitakiwa kila juma. Michoro ikapunguzwa: mwili ulitulia, macho na mdomo vikatikisika, miti ile ile ikapita nyuma ya mkimbiaji tena na tena. Dubu Yogi, aliyetokea mwaka 1958 katika kipindi cha mbwa Huckleberry, alivikwa ukosi na tai. Pambo hilo lilikuwa na hila ndani yake: lilificha maungio ya shingo, hata kichwa kikaweza kuchorwa upya na kiwiliwili kikaachwa kama kilivyo.

Baadhi ya wajuzi waliyaona haya kuwa ni maanguko ya sanaa, wala hawakukosa hoja. Walakini pengo la mwendo lilizibwa na sauti. Kipindi cha Huckleberry kilitunukiwa Emmy katika mwaka 1960, na tarehe 30 Septemba mwaka ule ule ikaanza The Flintstones, hadithi ya jamaa za zama za mawe waishio kama Wamarekani wa kisasa. Sauti ya Barney, jirani mcheshi katika hadithi hiyo, ilikuwa ya Mel Blanc.

Mwezi wa Januari 1961 Blanc aliumia vibaya kwa ajali ya motokaa mjini Los Angeles. Daws Butler, aliyekuwa sauti ya Yogi, alishika nafasi yake katika vipindi vichache. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo: Blanc alipopata fahamu, hali mwili wake ungali umefungwa plasta ya mifupa, vyombo vya kunasia sauti vilipelekwa kando ya kitanda chake, naye akamsemea Barney amelala chali.

Wachoraji waliweza kupokezana kalamu bila ya mtazamaji kutambua. Msemaji hakuachwa hata kitandani. Hadithi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1966, ikatimiza vipindi 166. Hapana shaka uzuri wa mwendo wa Tom na Jerry haukurudi katika kazi hiyo. Lakini mkono ulipofungwa na uhaba, ulimi ulifunguka, na kwa ulimi huo viumbe wa wino walipata uhai wa namna nyingine.