Texas Western, 1966: Ubingwa Uliovunja Ubaguzi Uwanjani

Mji wa El Paso, ulio katika jimbo la Texas kwenye mpaka wa Marekani na Meksiko, unauenzi msimu wa 1965–66, ambapo timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Texas Western, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, ilitwaa ubingwa wa NCAA, yaani mashindano ya kitaifa ya vyuo vya Marekani.

Chini ya kocha Don Haskins, aliyesisitiza ulinzi mkali, timu hiyo ilishinda michezo 28 na kupoteza mmoja tu, na katika hatua ya mtoano, ambapo anayeshindwa huyaaga mashindano, iliitoa Kansas kwa pointi 81–80 baada ya vipindi viwili vya nyongeza.

Katika fainali ya tarehe 19 Machi 1966, iliyochezwa College Park, Maryland, Haskins alianzisha wachezaji watano ambao wote walikuwa Wamarekani Weusi, jambo lisilowahi kutokea katika fainali hiyo, dhidi ya Kentucky, iliyokuwa na wachezaji Wazungu watupu. Bobby Joe Hill, mchezaji wa Texas Western, alipokonya mpira mara mbili mfululizo na kufunga, akafikisha pointi 20, na timu yake ikashinda 72–65.

Mashabiki wa El Paso, waliofurika kuwalaki mabingwa hao, wamerithisha kumbukumbu hiyo kwa vizazi vilivyofuata, kwani ushindi huo ulisaidia kuwafungulia vijana Weusi milango ya timu za vyuo vya Kusini vilivyokuwa vikiwabagua.