Elimu na Sanadi Yake: Umeipata kwa Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, wachimbaji wadogo wa Geita wana jambo moja ambalo yafaa tulitazame kabla ya kuingia katika maneno yetu. Mawe yakitoka katika duara hutiwa katika viroba, na kila kiroba hujulikana ni cha nani na kimetoka duara lipi, kabla ya kupelekwa kwenye karasha kusagwa. Viroba vikichanganyika kabla ya hapo ugomvi huwa mkubwa, kwa sababu jiwe likishakuwa unga halisemi tena lilikotoka. Na tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, dhahabu yenyewe yatakiwa iuzwe kwa maandishi. Isiyo na karatasi yake hutiliwa shaka, hata iwe safi namna gani.

Basi ikiwa jiwe huulizwa asili yake, je, neno la elimu lisiulizwe?

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimekosa, na sioni haya kulikiri kosa langu mbele yako ili wewe usilirudie. Kati ya mwaka 1985 na 1987, nikiwa kijana, nilizunguka Shinyanga, Kahama na Geita nikiwauliza wazee habari za kuja kwa Uislamu katika sehemu zetu. Walinieleza juu ya wafanyabiashara waliotoka Unyanyembe, juu ya misikiti ya mwanzo iliyoezekwa kwa nyasi, juu ya Waislamu waliokuja kutafuta kazi Mwadui baada ya almasi kugunduliwa huko mwaka 1940, na wengine waliofanya kazi katika mgodi wa zamani wa Geita uliofungwa mwaka 1966. Nikajaza madaftari matatu. Nikafurahi sana, nikajiona nimehifadhi kitu.

Miaka ikapita. Kijana mmoja wa Geita, niliyemsomesha Juzuu Amma akiwa mdogo, akaingia chuo kikuu na kutaka kuandika utafiti wake juu ya habari hizo hizo. Akaja kwangu, nikamtolea madaftari kwa fahari. Akasoma siku mbili. Siku ya tatu akaniambia kwa adabu: "Maalim, niwie radhi. Habari hii ya msikiti wa kwanza umeipata kwa nani?"

Nikamjibu: "Kwa wazee."

Akasema: "Wazee gani, Maalim? Nao waliona wenyewe au waliambiwa?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimeandika "wazee wasema" karibu kila ukurasa. Sikuandika majina wala tarehe. Mahali pengine niliandika "mkoani Shinyanga" nikisahau kwamba mipaka hubadilika: mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, Bukombe iliyokuwa Shinyanga ikaingia huko, na Geita yenyewe ikatoka Mwanza. Msomaji wa leo atajuaje nilikuwa nasema juu ya nchi ipi? Na wazee wale wamekwisha kwenda mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Hakuna wa kumrudia.

Aibu yangu ilizidi kwa kuwa mimi ni mtu wa madrasa, na swali la "umeipata kwa nani" ni swali letu tangu zamani. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tukiletewa habari na mtu mpotovu tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 wa Hijra, ametaja katika utangulizi wa Sahihi yake habari ya Muhammad bin Sirin, kwamba mwanzo watu walikuwa hawaulizi isnadi, lakini fitina ilipotokea wakaanza kutaka watajiwe majina ya wapokezi. Hapo pana mafundisho makubwa. Isnadi ilikuwa kinga ya ukweli wakati ambapo kila kundi lina maneno yake.

Hadithi zilipokwisha kukusanywa vitabuni, ikazuka haja nyingine: mtu atajuaje upesi kwamba hadithi fulani iko katika kitabu gani? Hapo wanavyuoni wakatengeneza vitabu vya kuongoza njia. Mmoja wa mabingwa wao ni Al-Mizzi wa Damascus, aliyefariki mwaka 742 wa Hijra, sawa na 1341. Katika Tuhfatul Ashraf alizipanga hadithi kwa majina ya Masahaba waliozipokea, akatumia herufi mojamoja kuonyesha kitabu: Kha ni Bukhari, Mim ni Muslim, Dal ni Abu Daud, Ta ni Tirmidhi, Sin ni Nasai, na Qaf ni Ibn Majah. Herufi moja tu, na msomaji ajua aende wapi. Shika jambo hili, maana tutalirudia.

Na sanadi ikikatwa hutokea nini? Hutokea dhuluma. Tuchukue mfano wa ziwa letu hili hili. Watoto wengi wamefundishwa kwamba Speke, Mwingereza, ndiye "aliyegundua" Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti 1858. Tuyaache majirani wa ziwa walioliita Nyanza na kuvua samaki wake tangu mababu. Lakini hata safari ya Speke yenyewe ilikuwa na mwalimu. Kule Kaze, ndiyo Tabora ya leo, alikuwako mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, wa kabila la Harthi, ambaye aliwaeleza Burton na Speke habari za ziwa la kaskazini kabla Speke hajafunga safari kupita usukumani. Burton amemtaja katika kitabu chake cha mwaka 1860 na kumshukuru. Basi jina limo kitabuni. Waliokuja baada yao ndio walioona uzito kulibeba, wakasimulia habari bila ya msimuliaji wake. Mtu akatolewa katika historia kwa uvivu wa kutaja.

Sasa turudi kwa yule kijana. Aliniona nimeinamisha kichwa, akafungua kompyuta yake kuukuu akanionyesha namna anavyofanya yeye. Huandika katika faili la maandishi matupu, yaani herufi tu bila mapambo, ambalo kompyuta yoyote na hata simu yaweza kulifungua. Katika faili moja ameorodhesha asili zake zote, vitabu na watu. Kila asili ina mistari michache: nani, kitabu gani au mahali gani, mwaka gani. Na juu yake ameweka neno fupi ambalo ndilo ufunguo, kwa mfano burton1860. Katika utafiti wake, kila achukuapo neno kutoka huko huandika ufunguo ule wenye alama ya @ mbele yake, pamoja na ukurasa. Amalizapo, programu iitwayo Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa huko Marekani, husoma mafaili yote mawili, hugeuza kila ufunguo kuwa rejeo kamili, na kupanga orodha mwishoni. Chuo kikitaka mtindo mwingine, hubadili amri moja tu.

Nikacheka, nikamwambia: "Mwanangu, hizi ni herufi za Al-Mizzi!" Naye akaniambia kwamba hata kwa watu wa kompyuta jambo hili si la jana: Mike Lesk alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1978, na Oren Patashnik akatengeneza BibTeX mwaka 1985. Orodha zilizoandikwa wakati ule kwa namna ya BibTeX zasomeka mpaka leo, kwa sababu ni herufi tupu. Mwenzake mmoja alizifungia rejea zake ndani ya programu ya kulipia. Muda wa malipo ulipokwisha akabaki anabisha hodi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Kitu duni mara nyingi ndicho kidumucho.

Lakini tusidanganyike. Chombo hakimfanyi mtu kuwa mkweli. Ufunguo waweza kufungua chumba kitupu. Programu itampangia mwongo uongo wake kwa alfabeti, vizuri kabisa. Na siku hizi zimetokea mashine za kutunga maneno ambazo zaweza kukutajia kitabu ambacho hakijapata kuandikwa, pamoja na mwaka na ukurasa wake. Kwa hiyo ile kazi ya zamani ingaliko: kukifungua kitabu wewe mwenyewe, na kumwendea mtu na kumsikia.

Nasi tukafanya nini na madaftari? Tulikaa wiki nzima. Nilichokumbuka kwa yakini msimuliaji wake tukakiandika pamoja na jina na mahali. Nilichokishuku tukakitia alama ya shaka. Nisichokumbuka tukakiweka kando. Katika madaftari matatu, lililosalimika ni kiasi cha daftari moja. Kijana hakunilaumu. Mimi ndiye niliyejilaumu, maana wazee wale walinipa amana, nami nikazipoteza anwani zake.

Basi ndugu msomaji, ikiwa kwenu yuko mzee bado, nenda kwake wiki hii. Andika jina lake, mahali, siku, na aliyemwambia. Andika kwa kalamu au kwa kompyuta, kisha weka nakala mbili mahali pawili. Na ukisimama kusema mbele za watu, mtaje. Kumtaja aliyekufundisha hakukupunguzii kitu. Ni kumlipa deni lake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufanye watu wa kufikisha amana kama tulivyoipokea. Amin. Wallahu aalam.