Kolea, Fifia, Tandua

Pale Irente, kwenye milima ya Usambara, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ardhi hukatika ghafla. Chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, na ng'ambo yake nyika inatambaa hadi macho yanapokoma. Kila afikaye hutoa simu au kamera. Lakini picha ya mchana kutoka ukingoni pale mara nyingi humvunja moyo aliyeipiga: macho yalishuhudia kina na rangi, kumbe kioo kimehifadhi kijivu kilichopauka, mbingu na nyika zimeshikana kama hazina mpaka. Basi hufunguliwa programu ya kuhariri picha, na mazungumzo ya Kiswahili safi yaliyokuwa yakiendelea hubadilika: nimeiediti, nimeongeza braitinesi, nimetia filta.

Sina ugomvi na filta. Neno limeshakaa mjini, watu wanaelewana. Ninachokataa ni ule usemi kwamba tunasema hivyo kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Kinayo, tena yametumika vizazi na vizazi kwenye nguo, kwenye vyungu na kwenye hali ya hewa. Yaliyokosekana ni masikio ya kuyasikia wakati menyu zinapotafsiriwa.

Kuna kazi kubwa imefanywa, na sipendi kuibeza. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, limekuwapo tangu 1967. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na ikathibitika kwamba kompyuta haina lugha yake ya kuzaliwa. Lakini ukifika kwenye picha, unakuta majina kama "utofautishaji". Neno halina kosa la kisarufi. Lina silabi saba, nalo linaeleza kwamba kuna mtu anatofautisha kitu na kitu. Picha yenyewe imekuwaje, halisemi. Mwenye studio akiipokea picha ya namna ile ya Irente hasemi utofautishaji wake ni mdogo. Anasema imefifia. Imepauka. Haijakolea.

Hayo yote ni vitenzi, na hapo ndipo utajiri wetu ulipo. Rangi hukolea kwenye kitambaa, chumvi hukolea kwenye mchuzi, na mtu akitaka ikolee zaidi, huikoleza. Mwanga hufifia, akiupunguza mtu, ameufifisha. Kitu hung'aa, kikisuguliwa, kimeng'arishwa. Nguo huchujuka kwa kufuliwa. Kila hali ina kitenzi chake, na kauli ya kutendesha imeshakaa tayari pembeni kumtaja mkono uliohusika. Sasa tazama kile kijiti kinachosukumwa kulia au kushoto kwenye kioo. Nomino moja iliyobandikwa juu yake haikuambii unaelekea wapi. Vitenzi viwili, kimoja kila upande, vinakuambia: fifisha huku, koleza kule. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa bila kufundishwa.

Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi. Nikisema picha imepauka, simlaumu mtu. Vumbi, jua la saa saba na umbali vimefanya kazi yao. Nikisema nimeikoleza, nimekiri kwamba mkono ni wangu. Katika picha za mandhari, ambamo mtazamaji hawezi kujua kipi kimetoka mlimani na kipi kimetoka mezani, tofauti hiyo ya kauli ina uzito.

Tuanze basi na picha yenyewe kabla haijaguswa. Kamera nyingi zinaweza kuhifadhi kila kilichopokelewa na kihisio bila kukipika. Faili hiyo wengine huiita ghafi, kwa kufuata malighafi. Mimi nashikilia mbichi. Ghafi inanipeleka kiwandani na kwenye mizani. Mbichi inaniambia kuna moto unaosubiriwa na kwamba namna ya kupika bado iko mikononi mwangu. Na hesabu inaunga mkono jina hili. Picha ya kawaida ya simu huwa na ngazi 256 kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Faili mbichi ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Ukiinua vivuli vya bonde kwenye ile ya kwanza, ngazi huisha haraka na mteremko laini wa rangi hukatika vipande. Kwenye mbichi, nafasi ya kusogea bado ipo.

Ipo mpaka mahali fulani. Wingu jeupe juu ya Irente likipigwa na jua, rangi zote tatu zinaweza kufika ngazi ya juu kabisa na kugota hapo. Wakati wa kamera za mkanda, mwanga ukiingia pasipotakiwa tulisema mkanda umeungua. Neno hilo lirudishwe. Wingu lililofika kikomo limeungua: mwanga umekula kila alama iliyokuwa ndani yake, na ukilitia giza baadaye unapata kijivu kitupu. Upande wa pili, sehemu yenye giza ikiinuliwa kupita kiasi, huja chenga, neno ambalo kila aliyewahi kushika antena ya televisheni analijua. Kuungua na chenga: hizo ndizo kuta mbili za chumba anachofanyia kazi mhariri wa picha, na zote zilikuwa na majina kabla programu hizi hazijatufikia.

Hata kazi za chumba cha giza zimebaki. Mchapishaji aliukinga mwanga kwa kiganja au kipande cha karatasi ili sehemu fulani ya picha isiwe nyeusi mno, kisha akaichoma sehemu nyingine kwa kuiachia mwanga muda zaidi. Programu za leo zina vifaa vya kazi hizohizo mbili. Kinga na choma. Sioni sababu ya kutafuta mengine.

Nimefika kwenye jambo linaloigusa Usambara yenyewe. Kati yako na nyika kuna hewa, na ndani ya hewa kuna chembe za vumbi, moshi na unyevu zinazotawanya mwanga. Hewa yenyewe huutawanya zaidi ule wa buluu, ndiyo maana safu za milima ya mbali huonekana za buluu hata kama zimejaa miti. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi huongezeka, na buluu hiyo huwa kijivu. Mwaka 2015 kampuni ya Adobe ilitia ndani ya programu yake ya Lightroom kifaa cha kupunguza hali hiyo, na sasa programu nyingi zina cha aina yake. Tafsiri ya haraka ingekuwa "ondoa ukungu".

Kwa Lushoto hilo ni kosa. Ukungu ni mali ya milima hii. Hupanda, hujilaza msituni Magamba, hulowesha kuvumwani kwenye magogo ya miti ya mikulo, na msitu huunywa. Picha ya Magamba ya alfajiri ikiondolewa ukungu imeondolewa kilichokuwa kinapigwa picha. Kilichopo Irente saa saba mchana ni kingine: ni utando. Mawingu hutanda, vumbi hutanda, buibui hutanda utando wake. Na kilichotandwa hutanduliwa, kama kitanda kinavyotanduliwa asubuhi. Kiambishi kilekile kilichozaa tendua kutokana na tenda, neno ambalo sasa liko kwenye simu zetu, kinatupa pia tandua. Nikisema nimeitandua picha ya Irente, nimesema nimefunua kilichokuwapo nyuma ya pazia, na ukungu wa Magamba sijaugusa.

Kijani ndicho kigumu kuliko vyote. Programu nyingi hukupa kijiti kimoja cha kijani, kana kwamba mlima mzima umevaa sare. Panda kutoka Mombo kupitia Soni ukahesabu mwenyewe: migomba yenye kijani kinachopitisha mwanga, mashamba ya kabichi yanayoelekea buluu, chai, mikaratusi yenye majivu juu ya majani, na huko juu mikulo na mitarakwa inayokaribia weusi. Kiswahili kina kijani kibichi, kina chanikiwiti, kisha kinanyamaza kidogo. Lakini desturi yetu ya kutaja rangi inajulikana: tunaazima kwenye vitu. Kijivu kimetoka kwenye jivu, zambarau kwenye tunda, manjano kwenye kiungo, na kuna maji ya kunde na damu ya mzee, majina yasiyo na mwenzake kwa uzuri. Basi tuendelee hivyohivyo. Nimekoleza kijani cha mkulo, cha mkaratusi nimekiacha. Sentensi hiyo inamwongoza mwanafunzi kuliko namba yoyote ya asilimia, maana inamlazimu kuutazama mti kabla ya kugusa kioo.

Na inamlazimu kutazama mahali pasipo na mti. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake *Peasant Intellectuals* cha mwaka 1990, ameandika kwa kirefu juu ya maneno mawili ya Kisambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Wasambaa waliyatumia kupima utawala: kama mvua inanyesha na chakula kipo, au njaa imeingia. Katika miaka ya 1950, Waingereza walipolazimisha kilimo cha matuta kwenye miteremko hii, mabishano yaliyozuka yalihusu pia hilo, nani anaiponya nchi na nani anaiharibu. Kwa hiyo mteremko wa Usambara haujawahi kuwa pambo. Hali yake ni hoja.

Mtu anayesukuma kijani hadi mwisho juu ya mteremko uliokatwa miti ameiponya nchi kwenye kioo peke yake. Hapa nahitaji neno la kumtenganisha na yule aliyekoleza, na lipo: amepaka. Kukolea kunahitaji rangi iwepo kwanza, hata kama ni hafifu. Kupaka hakuhitaji chochote chini yake. Nikikuta udongo mwekundu uliochanwa na maji kwenye kilima, naweza kuukoleza wekundu wake uonekane ulivyo. Nikiugeuza kijani, nimeupaka, na mkulima anayepoteza udongo ule kila masika ana haki ya kuniuliza nimefanya nini.

Ndiyo sababu napendelea kuhariri kuliko kuediti. Mhariri tunamjua tangu kwenye magazeti: ni mtu mwenye jina, anayejibu kwa alichokata na alichoacha. Picha za milima hii zinachapwa kwenye kalenda, vipeperushi vya watalii na vitabu vya shule, na chini yake huandikwa jina la mahali na la mpiga picha. Ipo nafasi ya mstari mmoja zaidi, kwa vitenzi hivi hivi: imetanduliwa upande wa nyika, imekolezwa kidogo msituni, wingu la kushoto limeungua, hakuna kilichopakwa.